Msamaha Niliomwandalia Dada

Jumanne, 27 Januari

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Dereva wa masista amenikuta mlangoni mwa maabara asubuhi hii, akanipa barua yako na habari za nyonga yako. Anasema umeanza kutembea kwa magongo mawili na kwamba tayari umemkosoa sista anayepanga maua kwenye kanisa lao. Nimefurahi. Mtu anayekosoa maua hayuko mbali na kupona.

Zimebaki wiki tatu kufika Jumatano ya Majivu, na safari hii sitaki Kwaresima inikute nimelala kama mwaka jana, nilipokumbuka kujinyima sukari kikombe kikiwa kimeshafika mdomoni. Nimeandika ratiba na kuibandika ukutani juu ya kitanda. Sukari, hapana, siku zote arobaini. Kazini nitakwenda kwa miguu. Simu nitaizima saa moja jioni. Kila Ijumaa nitakula mara moja tu, na sitasema neno lisilo la kazi mpaka Njia ya Msalaba iishe. Wenzangu maabara walipoisikia hiyo walipiga makofi. Nitaamka saa kumi na moja alfajiri kusali. Usicheke. Najua ninavyolala.

Kuhusu sakristia, ondoa wasiwasi. Paroko amesema kazi yako ni yangu mpaka urudi. Akaongeza, "Shangazi yako ameandaa misa hapa miaka thelathini, usibadilishe kitu bila kumuuliza." Sanduku la kurudishia matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana nimeliweka mlangoni tangu Jumapili na limeanza kujaa. Nitayachoma, nitachekecha majivu, kisha nitayalowesha kwa maji kidogo ili yashike vizuri kwenye paji la uso. Ni kazi ya nusu siku. Mimi napima maji ya mji mzima. Majivu ya parokia moja hayawezi kunishinda.

Lakini jambo kubwa ni hili. Mwaka huu namsamehe Dada.

Umesoma vizuri. Miaka miwili inatosha. Sijasahau: alijua Mama anakufa, akanyamaza mpaka nilipotoka kwenye mtihani wa mwisho, Ijumaa mchana, ndipo akanipigia simu kuniambia, "Tumemzika jana." Jana, Shangazi! Sitaki kupakwa majivu mwaka wa tatu nikiwa na jambo hilo moyoni. Nimeshaandika rasimu ya barua yangu kwake. Isahihishe, kama ulivyokuwa ukisahihisha insha zangu. Nataka imfikie kabla ya Jumatano ya Majivu. Hii hapa:

"Dada, nakuandikia kukujulisha kwamba nimekusamehe kwa ulichonifanyia. Sitaki maelezo. Nakuombea. Mdogo wako."

Fupi na safi, au siyo?

Binti yako,
yule uliyemwita Msomi kabla hajajua kusoma



Alhamisi, 29 Januari

Msomi wangu,

Milele amina. Marahaba.

Tuanze na majivu. Maji HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata mtu anayepima maji ya mji mzima aone. Majivu na maji vikilala pamoja vinatoa magadi makali, yanakula ngozi. Mwaka wangu wa pili kazini niliyalowesha tangu jana yake, nikajiona nina akili kuliko walionitangulia. Kesho yake watu kumi na wawili walirudi makwao na alama nyekundu kama waliopigwa pasi, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa parokia. Yapakwe makavu. Jasho la watu linatosha kuyashika. Na uyachekeche mara tatu, kwa kipande cha pazia jepesi, siyo kwa chujio la chai.

Ratiba yako nimeisoma. Ni nzuri, kama ya jeshi. Nimeirudia mara mbili nikitafuta mtu ndani yake na sikumwona. Kuna sukari, kuna miguu, kuna simu, kuna saa. Ukiacha sukari, nani atalala vizuri zaidi usiku huo? Sukari yenyewe haitajua.

Kuhusu barua ya Dada yako. Usiitume bado. "Ulichonifanyia", toa. "Sitaki maelezo", toa pia. Najua ukiyatoa hayo hakibaki kitu. Basi ingoje.

Masista wananilisha mapema sana hapa. Saa kumi na mbili na nusu jioni mtu umeshavuliwa viatu. Sisikii kengele, lakini naona wenzangu wakigeuza vichwa, nami nageuza.

Shangazi yako



Ijumaa, 30 Januari

Shangazi,

Barua yako imechelewa kwa siku moja. Jana nilifanya majaribio, kwa maji, na nikapima kwenye paji langu mwenyewe kwa nusu saa nikiwa nafanya kazi nyingine. Nina alama ya msalaba ya rangi ya nyanya. Mkuu wa maabara ameniuliza, "Kwani Kwaresima yenu imeanza?" Mimi, ambaye kila siku naandika kwenye jedwali ukali wa maji, sikukumbuka kupima ukali wa tope nililojipaka! Umeshinda. Yapakwe makavu.

Lakini kwa Dada hujashinda. Nimeisoma barua yako mara nyingi na sielewi kwa nini unanizuia. Si wewe uliyeniambia, nilipofika nyumbani siku ile na begi langu la chuo, kwamba ulidhani ameshanipigia? Ulilia, Shangazi. Ulinishika mikono ukasema, "Nilidhani ameshakuambia, mwanangu." Nikatoka uani nikamwambia mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa kwenye mikeka kwamba ameniibia Mama. Hakujibu neno. Aliendelea kuosha sufuria. Mtu asiye na hatia hujibu.

Na sasa nataka kumsamehe, bila kuombwa, na wewe uliyenifundisha Baba Yetu unaniambia ningoje. Ningoje nini? Msamaha wangu uko tayari. Umeiva. Ukikaa sana utaharibika.

Najua nina haraka. Lakini nina uhakika.

Binti yako



Jumatatu, 2 Februari

Msomi wangu,

Pole kwa paji. Paka mafuta ya kawaida, usiweke sabuni.

Nina kazi moja ya kukupa. Nenda nyumbani kwangu, ufunguo uko kwa jirani wa chini, yule mshonaji. Chumbani, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, kuna matawi ya mwaka jana. Mengine yamo ndani ya misale yangu kubwa nyeusi, kabatini, rafu ya juu. Nina tabia ya kuyalaza humo yanyooke. Yatoe yote uyapeleke kwenye sanduku. Fungua ukurasa kwa ukurasa. Usiache kitu.

Ukimaliza kazi hiyo utajua uitume barua au usiitume.

Leo padre amekuja kutuungamisha wazee. Walipanga foleni kwenye viti vya magurudumu kama magari kwenye kituo cha mafuta. Mimi nilisema nyonga inauma nikabaki chumbani. Wewe unaniuliza namna ya kujiandaa, mwanangu. Naweza kuandaa kikombe, vitambaa, mishumaa, majivu. Hayo mengine unanionea bure.

Shangazi yako



Jumanne, 10 Februari

Shangazi,

Jumamosi nilikwenda. Mshonaji alinipa ufunguo na kunisimulia habari za wapangaji wote. Nilitoa matawi nyuma ya picha. Nikatoa misale, nikakaa kitandani kwako, nikafungua ukurasa kwa ukurasa kama ulivyoagiza.

Nimekikuta.

Sisi tumekua tukikuandikia. Masikio yako yalipokukimbia kabisa tulikuwa watoto, na kila chumba cha nyumba yetu kilikuwa na penseli na vipande vya karatasi. Kila mazungumzo nawe huacha karatasi, na mimi sikuwahi kufikiri maana yake ni nini. Kwa kawaida sisi tunaandika na wewe unajibu kwa mdomo. Lakini siku ile wodini na wewe uliandika, kwa sababu Mama alikuwa kitandani, macho na masikio wazi. Nyuma ya cheti cha dawa. Herufi kubwa za Dada, na mwandiko wako ulioinama. Nanakili, ili usije ukasema nimesoma vibaya.

Dada: DAKTARI ANASEMA NI SIKU, SI WIKI. NAMPIGIA MDOGO LEO.

Wewe: Usimpigie. Bado ana karatasi tatu za mtihani.

Dada: MAMA ANAMUULIZA.

Wewe: Mwambie yuko njiani.

Dada: SHANGAZI, HUO NI UONGO.

Wewe: Ni wangu, si wako. Mkubwa hapa ni mimi.

Nilikaa pale mpaka mshonaji akaja kugonga akidhani nimeanguka.

"Usiache kitu," uliandika. Ulijua kilichomo. Ulinituma nikafungue kabati ili mkono wangu upate kile ambacho mdomo wako umeshindwa kutoa kwa miaka miwili. Na huko nyuma ukanishika mikono ukalia, "Nilidhani ameshakuambia." Ulimwangalia akiosha sufuria. Ulinisikia, hapana, hukunisikia, lakini uliuona mdomo wangu ukimwita mwizi. Wewe unasoma midomo kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kuungama siyo kumtuma mtu kabatini. Ulinifundisha wewe, nikiwa na miaka minane na soksi nyeupe: unataja kosa, unataja mara ngapi, huweki jina la mwingine. Basi andika. Nani aliamua, na kwa nini. Kwa mkono wako.

Sikuweka salamu. Si kwamba nimesahau.



Alhamisi, 12 Februari

Mwanangu,

Niliamua mimi. Dada yako aliniomba mara tatu; karatasi unayoijua ni moja tu, mbili nilizichoma. Nilimnyang'anya simu nikaitia kwenye mkoba wangu. Alikuwa na miaka ishirini na minane, angeweza kunipindua kwa mkono mmoja, fundi wa majokofu yule, anayainua peke yake, lakini alilelewa na mama yako na hakuthubutu kunigusa.

Kwa nini. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni kwa ajili yako. Kwamba mama yako alijinyima ili usome. Ni kweli lakini si ndiyo sababu. Mimi nilitolewa shule darasa la saba kwa sababu ya masikio. Walisema nimezubaa. Wewe ulipoingia chuo nilitembea mjini kama mimi ndiye niliyeingia. Nilitaka cheti kile, Msomi. Nilikitaka kuliko nilivyotaka uagane na mama yako. Hilo ndilo kosa, na nalitaja bila kulivisha nguo.

La pili ni uongo niliokuambia siku ile ulipofika. Nilidhani utamkasirikia wiki mbili. Kisha ikawa mwezi. Kila mwezi uliopita ulifanya ukweli uwe mzito zaidi kunyanyua. Dada yako alikuja kwangu mara moja tu tangu msiba, akaandika kwenye karatasi: "MWAMBIE UKIWEZA. MIMI SISEMI." Nikaahidi. Sikufanya.

La tatu hulijui. Niliungama kwa padre, mwaka jana kabla ya Pasaka. Akaniambia nimeharibu jina la mtu na sharti nilisafishe kwa yule niliyemdanganya. Nikasema ndiyo, Padre. Nikatoka nikaenda kupanga maua. Tangu siku hiyo sijapokea Komunyo. Ulikuwa unaniona nimebaki nimekaa nawe ukadhani ni magoti. Mwaka mzima nimetandika meza na sijala.

Ni kweli nilikutuma makusudi. Niliandika barua hii mara tano nikaitia kwenye ndoo ya taka, masista wakadhani naandika wosia. Nikaona heri uikute. Hata woga wangu nimeutafutia msaidizi.

Sikuombi kitu kwa ajili yangu. Dada yako, mtafute yeye.

Shangazi yako



Jumamosi, 14 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kwenye ngazi za jengo lako, ghorofa ya pili, mbele ya mlango wako. Nimegonga mara tatu na hakuna aliyefungua, kwa hiyo naandika hapa hapa na nitaipitisha chini ya mlango. Ningekupigia simu lakini nilifunga namba yako na sasa naona aibu kuifungua kama vile hakikutokea kitu.

Nimeiona karatasi ya wodini. Shangazi amekiri yote kwa maandishi.

Nilikuwa nimekuandalia msamaha, Dada. Ulikuwa mfupi, una sentensi tatu, nilijivunia. Nimeuchana.

Sasa ni zamu yangu, na sitaandika kwa jumla jumla. Nilikuita mwizi mbele ya majirani. Nguo za Mama ulizonikunjia na kunitumia nilizirudisha bila kufungua mfuko. Siku ya mahafali ulisimama karibu na lango, umevaa gauni la kijani, nilikuona vizuri kabisa na nikageukia upande mwingine nipigwe picha. Ulinitumia ujumbe Krismasi mbili, nikafuta zote mbili kabla ya kusoma, na baada ya ule wa pili ndipo nikafunga namba yako. Ndiyo hayo ninayoyakumbuka. Mengine unayajua wewe.

Nimekaa miaka miwili nikijiona mimi ndiye niliyekosewa, na nilikuwa ninaona fahari kwamba nakuombea.

Kwa nini hukusema? Ungenijibu neno moja tu pale uani.

Nakuomba unisamehe. Nilitaka kusema hivyo uso kwa uso kabla ya Jumatano, lakini uko kazini bila shaka.

Mdogo wako



Jumatatu, 16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuwa kazini. Nilikuwa ndani. Niliona viatu vyako kwenye upenyo chini ya mlango, vile vya bluu, na nikakaa sakafuni upande huu nikiwa na mkate mdomoni. Sikutafuna, nilidhani utasikia. Ulipoanza kuandika nilisikia kalamu. Unaandika kwa nguvu wewe, hata nukta unazigongelea kama misumari.

Unauliza kwa nini sikusema. Baba alituacha tungali wadogo. Mama ndiyo huyo tumemfukia. Mimi ulishanitupa. Ningekuambia ni Shangazi, ungemtupa na yeye jioni ile ile, nakujua, huna kipimo cha katikati. Ungebaki na nani? Nikaona akikosekana mmoja inatosha.

Usinifanye mtakatifu. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa ajili yako. Wa pili nilinyamaza kwa kiburi. Nilikuwa nangoja siku utakayojua, uje unapiga magoti, nami nikuache mlangoni kidogo. Jumamosi umekuja, nimekuacha mlangoni, na sikupata raha niliyoitegemea. Mkate wenyewe ulikuwa umekauka.

Sasa nikuambie lisilokuwamo kwenye karatasi ya Shangazi. Mama aliniuliza mara nne, "Mdogo yuko wapi?" Mara zote nikasema yuko njiani. Mara ya nne akasema, "Basi msifunge mlango." Nikauacha wazi. Nesi alikuja kuufunga kwa sababu ya upepo, nikagombana naye, nikaweka ndoo ya maji kuuzuia. Alikufa alfajiri anaangalia ule mlango.

Shangazi alisema uongo ni wake. Haukuwa wake. Mdomo ulikuwa wangu. Na aliyepaswa kunisamehe yuko kaburini, kwa hiyo kanisani sijaingia tena, naona ningekuwa nimekwenda kupiga soga tu.

Sijui kama nimekusamehe. Sitaki kukuandikia nimekusamehe kwa sababu ni wiki ya kuandika hivyo. Jumatano nafungua karakana saa mbili asubuhi. Njoo kabla ya hapo. Na uje bila karatasi, mmenichosha na karatasi, wewe na Shangazi yako.

Fundi



Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Naandika nikiwa kanisani, benchi la tatu kutoka nyuma, kabla ya misa ya jioni. Hii itakufikia Ijumaa na dereva.

Majivu yametoka vizuri. Makavu, yamechekechwa mara tatu kwa pazia. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi watu walijaa mpaka kwenye ngazi na hakuna aliyeungua. Mwenyekiti wa parokia aliniuliza kabla ya kusogea mbele, "Haya ni ya kwako au ya shangazi yako?" Nikamwambia ya kwangu, kwa sheria zake. Akasogea.

Misa ilipoisha nilikwenda karakana kwa miguu. Mlango ulikuwa nusu wazi. Dada alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa nyuma ya friji ya bucha, miguu nje. Hakuinuka.

"Uso wako mchafu," akasema.

"Ni majivu."

"Najua ni majivu. Mimi nimebatizwa kabla yako. Shika tochi hapa. Siyo hapo. Hapa."

Nikapiga magoti nikashika tochi. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, Shangazi, nimeyapanga, na nikayasema yote mpaka mwisho. Alipozima mashine akaniuliza, "Ulikuwa unasema nini? Ilikuwa inanguruma."

"Nimesema nakuomba unisamehe."

"Na kabla ya hapo? Umeongea kama dakika tano."

"Kabla ya hapo nimesahau."

Akacheka. Alicheka ile ya kupitisha puani, huku amebana bisibisi kwa meno, halafu akajifunika uso kwa mkono wenye grisi na haikuwa kucheka tena. Niliendelea kushika tochi kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Ilikuwa inamulika ukuta.

Baadaye alikaa juu ya kreti akanisimulia siku zile tatu, moja moja. Mama alikula nini. Alichekeshwa na nini, maana alicheka mara moja, kuna mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaimba. Nilikuwa sijui hata kimoja. Miaka miwili nilimkatalia nafasi ya kunipa. Alipofika kwenye habari ya mlango wa wodi akaniangalia kama mtu anayengoja hukumu. Na mimi nilikuwa sina ratiba ya hapo.

Nikamwambia, "Mtu anayesema msifunge mlango hajakata tamaa. Mama alikufa akiwa bado ana mgeni wa kumngoja."

"Umesoma wapi hiyo?"

"Sijasoma popote. Nimeifikiria sasa hivi."

"Basi shule imeanza kukutoka," akasema. "Afadhali."

Nilichelewa kazini saa nzima na nusu. Nilipokuwa natoka, akauliza akiwa amenipa mgongo, "Misa ya jioni ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Nina friji ya watu. Nitachelewa."

"Nitakushikia nafasi."

"Sijasema nitakuja. Nimesema nitachelewa."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Ningemuuliza mwezi uliopita, ningetaka na tarehe.

Sasa wewe. Bado nina hasira nawe, na sitakudanganya kwamba itaisha Ijumaa. Lakini ulitaja kosa lako bila kulivisha nguo, na jina la Dada umelisafisha kwangu, ambako ndiko ulikolichafua. Sharti la padre umetimiza. Kwa hiyo akija tena kuwaungamisha, usimwambie habari za nyonga. Jumapili nakuja. Nitakaa karibu nawe, na wakati wa Komunyo tutainuka wote wawili, kwa magongo yako na mkono wangu, na ukibaki umekaa nitakaa na mimi mpaka wakufungie kanisa. Nadhani unajua kwamba naweza. Siwezi kukuahidi Dada. Nitamwuliza, atajibu anavyotaka.

Sukari bado sili. Sitaki kukupa ushindi wote.

Kengele ya kwanza imepigwa na watu wanaingia wakikung'uta miamvuli, mvua imeanza. Nimeweka mkoba wangu kwenye benchi, upande wangu wa kulia, na koti langu juu yake, lionekane. Kila mlango unapofunguliwa nageuza kichwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesimama hapa sasa hivi, ameuangalia mkoba, kisha mimi, akaniuliza kwa upole kama nafasi hii ina mtu.

Nimesogea nimpe nafasi yangu mimi. Hiyo nyingine nimemwambia ina mtu.

Binti yako,
Msomi